Kushuka Ndiyo Ngoma: Nasaha juu ya Vijiti vya Kukwelea Miti

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msemo huu twausikia mikutanoni na barazani, ukimwonya mwenye uchu wa cheo au mkopaji asiyejua atalipa vipi, hata tumesahau kwamba asili yake ni mti wa kweli, wenye miiba ya kweli, na mtu aliyekwama juu yake. Leo twapenda kuurudisha msemo huo mtini. Twataka kueleza habari za chombo kidogo ambacho wawindaji wa Marekani hukitumia kukwea miti, jinsi ya kukichagua bila kumaliza fedha, na kwa nini mwenye kukichagua hana budi kuanza hesabu zake kwenye kushuka, wala si kwenye kupanda.

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza: sisi na wawindaji wa Marekani tuna nini? Jibu letu ni fupi. Wako ndugu zetu waishio huko, na yeyote kati yao aweza kualikwa na jirani yake kwenda mwituni msimu wa kuwinda ufikapo. Aidha, hapa kwetu watu hukwea juu kila siku: mkwezi hufuata nazi, mrina asali hufuata mizinga, fundi wa umeme hufuata nyaya. Mti unapomwangusha mtu haumwulizi taifa lake wala kazi yake.

MWINDAJI ANAYEKETI JUU

Ifikapo majira ya majani kupukutika huko Marekani, mamilioni ya watu huingia mwituni kumwinda ayala mwenye mkia mweupe. Huyu ni mnyama mwenye masikio makali na pua kali zaidi. Mtu anayemwendea kwa miguu juu ya majani makavu amekwisha kujitangaza kabla hajaona hata kivuli cha mnyama. Kwa sababu hiyo mwindaji, hasa yule wa upinde na mshale ambaye hana budi kumsogelea mnyama karibu sana, huketi juu ya mti na kungoja. Huko juu, mienendo yake midogo haionekani kwa urahisi, na upepo huweza kuipitisha harufu yake juu ya pua ya mnyama.

Kiti chake ni ulingo mdogo wa chuma au alumini unaofungwa kwenye shina kwa mikanda. Lakini ulingo haumpandishi mtu. Zamani wengi walipigilia misumari na vipande vya mbao kwenye shina. Njia hiyo ina ubaya mara mbili: ubao huoza kimya kimya hata siku moja ukang'oka chini ya mguu, na msumari hubaki ndani ya mti kuudhuru mti na msumeno wa mpasua mbao. Ndiyo maana katika misitu mingi ya umma nchini humo ni marufuku kupigilia misumari au kukaza skrubu mtini.

Hapo ndipo vilipopata nafasi vijiti vya kukwelea. Kijiti kimoja ni bomba au boriti nyembamba ya alumini au chuma, chenye urefu wa nusu meta hadi karibu meta moja, na vipago viwili au vitatu vya kukanyagia. Mwindaji hukifunga shinani kwa ukanda, akasimama juu yake, akafunga cha pili juu ya cha kwanza, kisha cha tatu na cha nne, mpaka afikie kimo cha ulingo. Jioni huvifungua kimoja kimoja akishuka, akavibeba mgongoni, na mti hubaki bila jeraha.

ULINGO SI JAMBO GENI

Asidhani msomaji kwamba wazo hili limezaliwa ng'ambo. Mkulima wetu amejenga ulingo shambani tangu zamani ili kufukuza ndege na nguruwe. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huchonga vigingi vya mti, wakavigongomea kwenye shina nono la mbuyu kimoja juu ya kingine, wakavikwea kuifuata asali. Kigingi hicho na kijiti cha alumini cha Mmarekani ni ndugu. Tofauti ni kwamba kimoja huingia ndani ya mti na kingine huukumbatia.

Huko India nako ulingo wa mtini una historia ndefu. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba marara waliokula watu, alimpiga chui wa Rudraprayag mwaka 1926 akiwa ameketi juu ya ulingo katika mwembe. Mtu huyo huyo alihamia Kenya mwaka 1947, akakaa Nyeri, na mwezi Februari 1952 alikuwapo katika hoteli ya Treetops, iliyokuwa imejengwa juu ya mti wa mugumo tangu mwaka 1932, usiku ule ambao Binti Mfalme Elizabeth alirithi kiti cha Uingereza bila yeye mwenyewe kujua. Hoteli hiyo ya mtini iliteketezwa kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata Corbett akafariki huko huko Nyeri.

Tumeyataja haya ili ieleweke kwamba kukaa juu ya mti ni ujuzi wa kale. Kilicho kipya ni madini yaliyo mepesi, mikanda ya nyuzi za viwandani, na soko lililojaa bidhaa za kila bei. Na penye soko kubwa ndipo mnunuzi mwenye fedha kidogo hupotea njia.

HESABU YA UREFU NA UZITO

Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Kipi ni rahisi?" bali "Nataka kufika wapi, nami nitatembea umbali gani?" Mwindaji mwenye shamba lake, anayeufunga ulingo mara moja kwa msimu hatua mia mbili kutoka nyumbani, hana haja ya kulipia wepesi. Vijiti vya chuma vitamfaa, tena ni vya bei nafuu, maadam avikague kutu. Lakini yule anayewinda katika msitu wa umma, ambaye huenda akatembea kilometa tatu gizani na kurudi na kila kitu mgongoni, atalipia kila kilo kwa jasho. Askari aliyepata kubeba shanta katika safari ndefu hahitaji kuelezwa jambo hili: kilo moja asubuhi huwa kilo tano jioni.

Basi tupige hesabu. Tuseme kwamba nafasi kutoka ardhini hadi kijiti cha kwanza, na nafasi kati ya kijiti na kijiti, ni sentimeta 45. Vijiti vinne vya sentimeta 50 kila kimoja vitampandisha mtu sentimeta 380. Vijiti vitatu vya sentimeta 80 vitampandisha sentimeta 375. Kimo ni kile kile! Iwapo kijiti kifupi cha alumini kina uzito wa kilo 1.1 na kirefu kilo 1.5, mzigo wa vifupi vinne ni kilo 4.4 na wa virefu vitatu ni kilo 4.5. Ni sawasawa. Hata hivyo vifupi hukaa vizuri mgongoni wala havinasi matawini, ilhali virefu vina mikanda michache ya kufunga gizani. Mnunuzi na ajue kwamba idadi ya vijiti peke yake haimwambii kitu. Azidishe urefu kwa idadi, aongeze nafasi, ndipo alinganishe bei.

Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, nayo haipati kutu nyekundu. Viko pia vijiti vya nyuzi za kaboni, vyepesi kupita vyote, lakini bei yake humfaa mwenye mfuko mnene. Kwa mtu wa kawaida, alumini ndiyo njia ya katikati.

Wako wanaopunguza idadi ya vijiti kwa kuning'iniza kitanzi cha kamba au cha ukanda chini ya kila kijiti, kikawa kipago cha nyongeza. Ni kweli kwamba ujanja huu huokoa fedha na uzito. Lakini kitanzi huyumba, na mguu wenye kiatu kizito cha baridi hukitafuta kwa shida wakati wa kushuka, macho yasipoona chini. Anayeanza na akae mbali nacho mpaka apate mazoezi kimo cha goti kutoka ardhini.

UKANDA, BIZIMU NA KELELE

Mnunuzi akisha kujua urefu na uzito, atazame mambo manne kwa mikono yake mwenyewe, si kwa picha ya tangazo.

La kwanza ni uzito ambao kijiti kimeruhusiwa kubeba. Kipimo kilichozoeleka katika bidhaa hizi huko Marekani ni paundi 300, yaani kilo 136. Humo ndani ahesabiwe mtu, na nguo zake nzito za baridi, na viatu, na upinde au bunduki, na mfuko wa mgongoni. Mtu wa kilo 110 akivaa na kubeba vitu vyake amekwisha kukaribia mpaka. Kijiti kisichoandikwa kipimo chochote kisinunuliwe, hata kikiwa cha bure.

La pili ni vipago. Kipago kipana chenye meno hushika soli ya kiatu hata kikiwa na umande au barafu. Kipago cha bomba laini la mviringo huteleza. Vipago vinavyokunjwa hurahisisha kubeba, lakini vifunguliwe na kufungwa mara kumi dukani: kama vyalegea vikiwa vipya, vitakuwaje baada ya misimu mitatu?

La tatu ni kifungio. Ukanda wenye bizimu la kubana ni mwepesi kujifunza, na mtu huuona kwa macho kama umekaza. Kamba nyembamba za kisasa ni nyepesi na hazina kelele, ila zadai fundo la hakika. Vyovyote iwavyo, kijiti kikishafungwa kivutwe chini kwa nguvu kabla hakijakanyagwa, ili meno yake yashike gome. Mikanda isiachwe mtini mwaka mzima: jua huila, kindi huitafuna, nao mti ukiendelea kunenepa huinyonga. Mkanda uliopauka au kuchanika nyuzi ni wa kutupwa.

La nne ni kelele. Chuma kikigonga chuma alfajiri, msitu wote umeamka. Lakini dawa yake si fedha nyingi. Vipande vya mpira wa tairi kuukuu au utepe wa kitambaa mahali vijiti vinapogusana vyatosha. Mwenye busara hununua uimara dukani, na ukimya hujitengenezea nyumbani.

Mti nao uchaguliwe kama kijiti. Uwe hai, ulionyoka, usio na gome linalobanduka. Hili ni jambo zito huko Marekani siku hizi, kwa sababu mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa jimboni Michigan mwaka 2002, ameua idadi kubwa sana ya miti iitwayo eshi. Mti huo ukisha kufa hukauka na kuvunjika kwa ghafla, na gizani waweza kuonekana mzima.

MKANDA WA MWILI HUTANGULIA

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mnunuzi mwenye dola 250, kwa mfano, huwa na mwelekeo wa kuzimaliza kwenye vijiti vizuri vinavyong'aa, akisema kwamba mkanda wa usalama atanunua mwakani. Sisi twamshauri ageuze hesabu hiyo juu chini. Kwanza atenge fedha za mkanda wa mwili mzima, yaani ule unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Pili atenge fedha za kamba ya uhai, inayofungwa juu ya ulingo na kuteremka hadi ardhini. Zitakazobaki ndizo za vijiti. Zikitosha kwa vijiti vitatu tu, basi awinde kwa kimo cha vijiti vitatu.

Kwa nini twasisitiza hivyo? Mtu anayeanguka kutoka meta 6 hufika ardhini kwa muda wa sekunde moja na kidogo, naye hutua kwa mwendo wa karibu kilometa 39 kwa saa. Hakuna muda wa kushika tawi. Katika majimbo mengi ya Marekani kuanguka kutoka malingoni ni miongoni mwa sababu kuu za wawindaji kuumia, nao wengi hawaanguki wakiwa wameketi. Huanguka wakipanda, wakishuka, na hasa wakati ule mfupi wa kuhama kutoka kijiti cha mwisho kwenda ulingoni, mguu mmoja ukiwa huku na mwingine kule.

Kamba ya uhai ndiyo dawa ya wakati huo mfupi. Mkanda wa mwindaji huunganishwa nayo kwa fundo ambalo huteleza linaposukumwa kwa mkono, lakini hubana papo hapo uzito wa mtu unapolivuta. Fundo hilo lajulikana kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Ni kipande cha kamba tu, nacho kimeokoa watu. Mwindaji huunganishwa nalo miguu ikiwa bado ardhini, wala halifungui mpaka miguu irudi ardhini.

Hata hivyo kamba hii yataka mtu awe amefika juu mara moja kuifunga. Katika safari hiyo ya kwanza, na anapofunga vijiti kwa mikono miwili, atumie mkanda unaouzunguka mti kutoka kiunoni, kama ule wa fundi wa umeme anayepanda nguzo. Fundi huyo hategemei nguvu za mikono yake. Huegemea mkanda, na mikono ikabaki huru kwa kazi.

Twaongeza onyo moja. Mkanda wa kifua peke yake au wa kiuno peke yake si kinga ya kuanguka, kwani waweza kumbana mtu pumzi au kumgeuza kichwa chini. Na hata aliyevaa mkanda wa mwili mzima asining'inie muda mrefu bila kusogeza miguu, kwa maana damu hujaa miguuni na maisha huingia hatarini. Awe na kitanzi cha kukanyagia ili aupunguze uzito mapajani, awe na simu au filimbi mwilini, si ndani ya mfuko uliobaki juu, na awe amemwachia mtu nyumbani habari ya mahali alipo na saa ya kurudi.

SAA YA KUSHUKA

Tulipokuwa chuo cha maofisa wanafunzi, tulipandishwa ukuta wa vikwazo kila asubuhi. Mwenzetu mmoja alikuwa hodari wa kupanda kuliko sote. Asubuhi moja, akisha kufika juu na kusikia makofi, hakuziteremka kamba kama ilivyoamriwa, aliruka. Kifundo cha mguu kilivunjika, na siku ya gwaride la kuhitimu alitutazama akiwa ameketi kando, mguu ndani ya plasta. Mkufunzi wetu hakumtukana. Alisema tu kwamba kwake yeye ukuta hauhesabiwi mpaka mtu asimame upande wa pili akiwa mzima.

Mwindaji wa mtini hana mkufunzi. Anashuka jioni, peke yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, njaa inamuuma, pengine ana furaha ya kupata mnyama au hasira ya kumkosa. Hapo ndipo nidhamu inapotakiwa. Silaha hutangulia, ikiteremshwa kwa kamba. Bunduki iwe haina risasi na mdomo wake usimwelekee mtu. Mishale iwe ndani ya ala. Kisha mtu ashuke akiutazama mti, viungo vitatu vikishika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kijiti hakifunguliwi kabla mtu hajatua imara juu ya kile cha chini yake.

Hatukuandika haya kumtuma mtu porini bila kibali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania huuruhusu kwa leseni, na kila jimbo la Marekani lina msimu wake, leseni yake na sheria zake za malingo. Mwenye kutaka kuwinda na aanze kwenye ofisi inayohusika.

Lakini funzo la vijiti ni la wote. Mrina asali anayetumia kamba iliyokwisha kuoza, mkwezi anayepanda mnazi wenye utelezi baada ya mvua, kijana anayepanda nguzo bila mkanda kwa sababu "ni dakika mbili tu", wote wanakata shauri lile lile la yule mnunuzi mwenye dola 250. Yule anayewangojea nyumbani hataki kujua walifika juu kiasi gani. Anasikiliza hatua mlangoni. Basi, ndugu msomaji, fedha zikiwa chache, nunua kwanza kile kitakachokurudisha chini mzima, kisha ndipo ununue kile kitakachokupandisha.